Hesabu ya kaboni ya Afrika ina pengo, na pengo hilo liko mashambani kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu takwimu inayotajwa sana siku hizi, katika mabaraza ya machifu hata bungeni: kwamba ardhi ya Afrika inavuta, au inatoa, tani kadha wa kadha za kaboni kila mwaka. Jambo hili si la wanasayansi peke yao tena. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka wa 2023, inataka miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, yaani ile inayouza kaboni iliyohifadhiwa na miti na udongo, irudishie jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Kwa hivyo mkulima wa Bungoma au Nyando anaweza kutia sahihi mkataba wa miaka mingi kwa msingi wa tani ambazo hajaona zikipimwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kaboni la bara hili lipo, ila lina kurasa nyingi tupu, na magharibi mwa Kenya ni mojawapo.

Kwanza tuelewe ugumu wenyewe. Mimea ya nchi kavu duniani huvuta takriban tani bilioni 120 za kaboni kwa mwaka. Karibu zote hurudi hewani: mimea yenyewe inapumua, vijidudu vya udongoni vinaozesha majani na mizizi, moto unateketeza nyasi. Kinachosalia ardhini ni kama tani bilioni 3. Ni sawa na duka linalouza bidhaa za shilingi 120 na kubaki na faida ya shilingi 3. Mwenye duka akikosea hesabu ya mauzo kwa asilimia 3, faida yote imeyeyuka na pengine imegeuka hasara bila yeye kujua. Kwa Afrika faida hiyo ni nyembamba zaidi. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka wa 2014 iliona bara hili linavuta kuliko linavyotoa. Nyingine iliyochapishwa mwaka wa 2024, ikihesabu miaka ya 2010 hadi 2019, ikaona limegeuka na kuwa mtoaji mdogo. Sehemu ya tofauti hiyo ni mabadiliko ya kweli ya misitu na mashamba. Sehemu nyingine ni upungufu wa vipimo.

Kipimo kinachokaribia zaidi kumwona mwenye duka akihesabu pesa ni mnara wa kupima mtiririko wa hewa. Juu ya mnara hufungwa vifaa viwili. Kimoja hupima upepo kwa mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia, kwa pande tatu, ukiwemo upepo unaopanda na kushuka. Cha pili hupitisha mwanga wa infraredi kwenye hewa na kusoma kiasi cha kaboni dayoksaidi, kwa sababu gesi hiyo hunyonya mwanga wa urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Vyote viwili husoma mara 20 kwa sekunde. Katika nusu saa hupatikana masomo 36,000 ya kila kimoja. Upepo unaoshuka ukiwa na gesi nyingi kuliko unaopanda, shamba linavuta. Ikiwa kinyume, shamba linapumua. Kanuni haizidi hapo, na kwa siku ya jua hufanya kazi vizuri mno. Mahindi yakivuta mikromoli 20 (mikromoli ni kipimo cha kuhesabia chembe za gesi) kwa kila mita mraba kwa sekunde, ni sawa na kilo 8.6 za kaboni kwa hekta kwa saa moja.

Taabu huanza jua likizama. Usiku upepo hutulia, hewa baridi hulala chini kama maji katika karai, na pumzi ya udongo hukaa humo bila kufika kwenye kifaa kilicho juu. Penye mteremko, na kwetu penye tambarare ni pachache, hewa hiyo huteleza bondeni. Ile inayoshuka kutoka vilima vya Nandi kuelekea uwanda wa Kano huondoka na kaboni yake bila mnara kuiona. Hebu tupige hesabu. Shamba likipumua mikromoli 5 kwa kila mita mraba kwa sekunde usiku, ni kilo 26 za kaboni kwa hekta kwa saa 12. Mnara ukikosa theluthi moja, kilo 8.6 zimepotea usiku mmoja. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 3 kwa hekta. Kosa hilo moja linatosha kulifanya shamba linalopoteza kaboni lionekane kama msitu unaokua. Ndiyo maana mpimaji makini hutupa data ya nusu saa zote ambazo msukosuko wa upepo uko chini ya kiwango fulani, kisha huziba mapengo kwa kutumia usiku wenye upepo uliokuwa na joto na unyevu unaofanana. Kiwango hicho lazima kitafutwe upya kwa kila mnara. Hakinakiliwi kutoka mnara wa Ujerumani.

Mvua nayo ina yake. Kandokando ya Ziwa Victoria mvua nyingi hunyesha alasiri na usiku, na kifaa ambacho njia yake ya mwanga iko wazi hupofuka lenzi ikilowa. Matokeo yake, data inapotea saa zile zile ambazo udongo una mengi ya kusema. Mtafiti H. F. Birch alionyesha hapa hapa Kenya, kule Muguga, katika matokeo aliyochapisha mwaka wa 1958, kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa ghafla hufoka kaboni dayoksaidi kwa wingi kwa siku chache kisha hutulia. Dunia nzima sasa inaita tukio hilo kwa jina lake. Programu ya kuziba mapengo ikitazama joto na mwanga peke yake, mfoko huo haumo. Kwa eneo letu lenye misimu miwili ya mvua, na vipindi vya kiangazi vinavyokatiza katikati, hilo si jambo dogo. Dawa ni kifaa kinachovuta hewa kwa mpira hadi kwenye kisanduku kilichofungwa, hata kama kinatumia umeme zaidi, pamoja na vihisi vya unyevu wa udongo katika kina cha sentimita 5, 10, 30 na 50.

Kisha kuna mambo ya kawaida yanayoua mnara kuliko nadharia yoyote. Buibui hutanda utando kati ya vihisi vya sauti. Ndege hujisaidia juu ya lenzi. Betri ya sola inayotosha Januari haitoshi Aprili yenye mawingu. Mpira wa kuvuta hewa hujaa vumbi, mtiririko unapungua, na kwa kuwa kifaa bado kinaandika namba, hakuna anayeshtuka hadi miezi mitatu ipite. Kila wiki mtu apande, afute lenzi kwa maji safi na kitambaa laini, aandike saa aliyofanya hivyo. Kila mwezi kifaa kipimwe kwa hewa isiyo na kaboni dayoksaidi kabisa, halafu kwa mtungi wa gesi ambayo kiwango chake kinajulikana. Kijana wa kijijini aliyefunzwa na anayelipwa kila mwezi hulinda data kuliko mtaalamu anayekuja mara mbili kwa mwaka kwa gari kubwa.

Data maarufu ya kimataifa ya minara hii, iliyokusanywa hadi 2014, ina vituo 212. Vya Afrika havifiki kumi, na vilivyopo vingi viko kwenye savana kavu au misitu, kama vile Skukuza nchini Afrika Kusini, Mongu nchini Zambia na Dahra nchini Senegal. Nitafutieni humo shamba la ekari moja lenye mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, ukingo wa napier, migrevilea mpakani na boma lenye ng'ombe watatu. Halimo.

Tena shamba kama hilo lina siri ambayo haimo katika hesabu za Ulaya. Mnara ulioinuka mita 5 juu ya mimea huona takriban mita 500 upande upepo unakotoka. Katika Vihiga, mita 500 hupita mashamba mengi na nyumba nyingi. Sensa ya 2019 ilikuta huko zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita mraba. Mtu mmoja hutoa takriban kilo 1 ya kaboni dayoksaidi kwa siku kwa kupumua tu. Watu 1,047 katika hekta 100 hutoa, kwa mwaka, karibu tani 1 ya kaboni kwa kila hekta. Hiyo ni pumzi ya watu pekee, bila ng'ombe, bila moshi wa jikoni. Si uchafuzi mpya, kwa kuwa ilitoka kwenye chakula, na chakula kiliivuta kutoka hewani. Lakini kama mahindi yalitoka Trans Nzoia, basi hewa ilivutwa Kitale na ikarudishwa Mbale ya Vihiga. Gunia la kilo 90 hubeba karibu kilo 35 za kaboni. Mnara wa Kitale utasema shamba ni bohari kubwa, mnara wa Vihiga utasema kijiji ni tanuri, na yote miwili itakuwa imesema kweli. Asiyefuata lori la mahindi, la miwa au la majani chai atajumlisha vibaya. Mito nayo hufanya hivyo hivyo: Nzoia, Yala, Nyando na Sondu Miriu hubeba udongo na kaboni hadi ziwani, na sehemu yake hupumuliwa na maji.

Wengine watauliza: kwa nini tusihesabu miti na udongo moja kwa moja? Tunapaswa, ila kazi hiyo ina mitego yake.

Chukua mti. Watafiti walikata na kupima uzito wa miti ya mashambani katika bonde la mto Yala, na mwaka wa 2012 wakachapisha kanuni inayofaa eneo hili: uzito mkavu wa mti juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.091 mara kipenyo cha shina kwa sentimita, kipenyo kikipandishwa kwenye kipeo cha 2.472. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mti wa kipenyo cha sentimita 20 hutoa kilo 150, na kaboni ndani yake ni kama kilo 70. Sasa mpimaji avute utepe juu ya mmea unaotambaa, au kwenye uvimbe wa tawi lililokatwa, aandike 22. Jibu huwa kilo 190. Kosa la sentimita 2 limezaa asilimia 27 za mti ambao haupo. Kwenye mteremko husimamwa upande wa juu. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 hupimwa kama miti miwili. Na mgrevilea uliopogolewa kila mwaka kwa ajili ya kuni una shina nene na matawi machache, kwa hiyo kanuni huupa uzito ambao umekwisha kuliwa na jiko. Wapimaji waandike kama mti umepogolewa, na miti michache ipimwe matawi yake kwa mizani. Mikaratusi ya nguzo na fito, vivyo hivyo: kinachohesabiwa ni wastani wa kaboni katika mzunguko mzima wa kupanda na kukata. Siku ile mti umefikia unene wake wote haiwakilishi shamba. Ahadi ya kitaifa ya miti bilioni 15 kufikia 2032 ina thamani kwenye daftari hili kwa miti iliyo hai na iliyopimwa upya. Idadi ya miche iliyogawiwa haitaji kaboni yoyote.

Udongo ndio mgumu zaidi, nao ndio wenye kaboni nyingi. Udongo wa kina cha sentimita 30, wenye uzani wa gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo na kaboni asilimia 2, una tani 72 za kaboni kwa hekta. Namba tatu huzidishwa hapo: kina, uzani na asilimia. Maabara nyingi hupima ile ya tatu, na uzani ukakisiwa. Uzani hupatikana kwa kupigilia pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana katika ukuta wa shimo, kukata udongo uliozidi kwa kisu, kuukausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24 na kuupima. Mawe yachekechwe kwa matundu ya milimita 2 na ujazo wake uondolewe. Tuseme sasa shamba limelimwa na udongo umekuwa tifutifu, uzani umeshuka hadi 1.0. Asilimia ya kaboni haijabadilika hata kidogo, lakini hesabu ya sentimita 30 inatoa tani 60. Tani 12 "zimepotea" kwa jembe peke yake. Na kinyume chake: acha kulima, ng'ombe wakanyage, udongo ushikamane, tani 12 "zimepatikana" na mtu anaweza kuziuza. Njia sahihi ni kulinganisha uzito ule ule wa udongo kavu kwa hekta katika vipimo vyote viwili, hata kama ni lazima kuchimba sentimita kadhaa zaidi. Nakaza neno hapa kwa sababu kosa hili ni rahisi kufanya na ni gumu kuonekana kwenye ripoti.

Pia kemikali. Njia ya zamani ya kuchoma kaboni kwa asidi na dikromati haimalizi kaboni yote. Kwa kawaida huzidishwa kwa 1.3 ili kufidia, na kizidisho hicho si sawa kwa kila udongo. Mradi ukipima mwaka wa kwanza kwa njia hiyo na mwaka wa tano kwa mashine inayochoma sampuli kavu, umelinganisha debe na gorogoro.

Halafu muda. Samadi na matandazo vikiongeza tani 0.3 kwa hekta kwa mwaka, baada ya miaka mitano ni tani 1.5, yaani asilimia 2 ya zile 72. Sampuli za shamba moja zinaweza kutofautiana kwa asilimia 20, kwa sababu hapa palikuwa zizi, pale palikuwa kichuguu. Kuona badiliko la asilimia 2 katika hali hiyo kunahitaji sampuli zaidi ya 1,500 kila mara ya kupima. Badiliko la asilimia 10 linahitaji kama 60. Ndiyo maana miradi haipimi bali hukadiria kwa modeli, yaani hesabu za kompyuta, na inayotumika sana ni RothC, iliyozaliwa Rothamsted, Uingereza, kwenye majaribio ya ngano yaliyoanza mwaka wa 1843. Ni modeli nzuri. Inataka mvua na joto la kila mwezi, asilimia ya mfinyanzi, na kiasi cha mabaki ya mimea kinachoingia udongoni. Wenyewe waliotunga wanaonya dhidi ya kuitumia ovyo kwenye udongo wa majivu ya volkeno, na udongo wa namna hiyo ndio ulio sehemu nyingi za Nakuru. Na hayo mabaki? Modeli ikiambiwa mabua yote yanabaki shambani, wakati nusu yanaliwa na ng'ombe na mengine yanawashwa jikoni, itaongeza kaboni kwenye karatasi tu. Mabua yapimwe kwa mizani baada ya kuvuna, na tena kabla ya kulima. Tofauti ndiyo iliyoondoka.

Kwamba hii si hofu ya bure kunathibitishwa na majaribio ya muda mrefu yaliyofanywa magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka wa 2003. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha kuwa kilimo hifadhi na matumizi ya samadi pamoja na mbolea vilipunguza kasi ya udongo kupoteza kaboni, lakini havikuongeza akiba. Kupunguza hasara ni faida kubwa kwa mkulima na kwa mazao yake. Ila ni kitu tofauti na kuvuta kaboni kutoka hewani, na anayelipa anapaswa kuambiwa ni kipi ananunua.

Kuhusu setilaiti nitakuwa mfupi. OCO-2, iliyorushwa mwaka wa 2014, hupima wastani wa kaboni dayoksaidi katika hewa yote kutoka juu hadi chini. Huhitaji jua, na wingu huizuia. Kwetu wingu la alasiri ni jambo la kila siku, kwa hivyo picha tunayopata ni ya saa na misimu ya anga safi. Kosa la nusu ya sehemu moja kwa milioni halionekani kwa macho, lakini sehemu 1 kwa milioni katika anga yote ya dunia ni tani bilioni 2.1 za kaboni, na kosa dogo lililojirudia juu ya eneo moja hutosha kuzua chanzo kisichokuwepo. Mwaka wa 2019 kundi la watafiti, kwa kutumia setilaiti hiyo na ile ya Japani iitwayo GOSAT, lilitangaza kwamba tropiki ya kaskazini mwa Afrika, hasa magharibi mwa Ethiopia na Afrika Magharibi, inatoa kaboni nyingi kupita kiasi. Mwaka wa 2023 kundi jingine lililolinganisha na vipimo vya ndege zilizopita juu ya Atlantiki lilipata kwamba eneo hilo halivuti wala kutoa sana. Mzozo kama huo ungefupishwa na vituo vichache vya ardhini. Mlima Kenya una kituo cha hewa kilichofunguliwa 1999 kwenye urefu wa mita 3,678, Rwanda ina chake Mugogo, Côte d'Ivoire Lamto, Afrika Kusini Cape Point. Hesabu vidole vyako, kisha tazama ramani ya bara.

Modeli za bara zima nazo hugawa ardhi kwa vyumba. Chumba cha nyuzi 2 za latitudo na longitudo ni kilomita 222 kila upande. Nakuru hadi Kisumu ni chini ya kilomita 150 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo chumba kimoja kinaweza kumeza Nakuru, msitu wa Mau, chai ya Kericho, miwa ya Muhoroni na kipande cha ziwa, kikapewa urefu mmoja, joto moja na upepo mmoja. Upepo wa ziwani unaokwenda nchi kavu mchana na kurudi ziwani usiku haumo. Bado modeli hiyo huulizwa hewa iliyopimwa Mlima Kenya ilitoka wapi.

Moto pia. Zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika. Kwa miaka mingi liliangaliwa kwa setilaiti ambayo nukta yake moja ina upana wa mita 500. Picha za Sentinel-2, zenye nukta ya mita 20, zilipotumika kwa mwaka wa 2016 kusini mwa Sahara, zilipata kilomita mraba milioni 4.9 zilizoungua, asilimia 80 zaidi ya hesabu ya awali. Kilichokuwa kimefichika ni mioto midogo: mabua ya nusu ekari, kingo za vinamasi, shamba la miwa linalochomwa kabla ya kukatwa.

Ninachoomba basi, na nakielekeza kwa serikali za kaunti na vyuo vikuu vya eneo hili, ni kitu cha kudumu. Minara mitatu ya aina moja katika mstari kutoka ziwani hadi Mau: mmoja kwenye mpunga au mafunjo ya uwanda wa Kano, mmoja katikati ya mashamba madogo ya Vihiga au Kakamega, mmoja nyanda za juu za Nakuru. Mafunjo yasisahauliwe, kwani ni miongoni mwa mimea inayokua haraka kuliko yote, na kinamasi kikikaushwa kaboni iliyolala chini ya maji huanza kuoza. Juu ya kilima kimoja, mdomo wa kuvuta hewa ufungwe kwenye mnara wa simu uliopo, usome kaboni dayoksaidi kwa usahihi wa sehemu 0.1 kwa milioni, kwa mitungi iliyolinganishwa na kipimo cha dunia. Vipuri vinunuliwe siku ile ile vinaponunuliwa vifaa: kihisi cha sauti kimoja cha akiba, pampu mbili, betri. Bajeti ya matengenezo iandikwe kwa miaka 10, kwa kuwa mwaka mmoja wa data hauwezi kutofautisha shamba na hali ya hewa ya mwaka huo. Rwanda imekwisha kuchora miti yake mmoja mmoja kwa picha za angani. Kaunti zetu zinaweza kufanya hivyo, kisha zikapima miti michache kwa utepe ili kuzisahihisha picha.

Kila sampuli ya udongo iliyopimwa, gramu 200 zake zihifadhiwe kavu katika chupa yenye tarehe, kina na alama ya mahali. Miaka 20 ijayo mashine itakuwa nyingine, na chupa hiyo ndiyo itakayoruhusu kupima ya zamani na mpya kwa mashine moja. Data iwe wazi kwa umma, pamoja na nusu saa zilizotupwa na sababu ya kutupwa.

Na mkulima anayeletewa mkataba aulize maswali manne kabla ya kushika kalamu: uzani wa udongo wangu ulipimwa au ulikisiwa? Kanuni ya miti ilitoka miti ya wapi? Mabua yangu mliyahesabu yako wapi? Mtarudi kupima lini, na kwa njia ile ile?

La mwisho ni la kalenda. Vifaa viwe vimesimama na kujaribiwa kufikia mwisho wa Januari, udongo ukiwa mkavu. Mnara unaokamilika Aprili hukuta mvua za masika zimeanza, na ule mfoko wa kwanza alioueleza Birch umekwisha kwenda na upepo, na itabidi kungoja mwaka mzima.

Mpimaji wa hewa na udongo,
Kisumu